Mtoto analia nikitoka chumbani: je, nimemzoesha mikono?

Msomaji ameniandikia hivi: "Binti yangu ana miezi 9. Wiki chache zilizopita ameanza tabia ambayo hakuwa nayo. Nikitoka tu chumbani, hata kama ni kwenda msalani, analia mpaka anakaukiwa sauti. Nikirudi nikambeba, ananyamaza papo hapo. Mama mkwe anasema nimemzoesha mikono, nimwache alie, atazoea. Mwezi ujao narudi kazini na mtoto atabaki na yaya, ambaye ndiye atakayemlisha mchana kutwa. Mume wangu anasema mtoto humpenda anayemlisha, kwa hiyo nijiandae. Je, nimemharibu? Atanisahau? Na hivi kweli kuna mtu amewahi kupima mapenzi ya mtoto kisayansi, au ni maneno ya vitabuni tu?"

Dada yangu, nianze na jibu lenyewe ili mengine uyasome ukiwa umetulia. Hujamharibu, na hatakusahau. Mtoto wa miezi 9 anayelia mama akitoka na kunyamaza akirudi anafanya kile kile ambacho umri wake unamtaka afanye. Ningekuwa na wasiwasi zaidi kama ungeniandikia kwamba hajali ukiwepo au usipokuwepo.

Hata hivyo usiwakasirikie mama mkwe na mumeo, maana mawazo yao hayakuanzia kwao. Kwamba kubeba kunadekeza, na kwamba mapenzi hufuata chakula, ni mambo yaliyowahi kufundishwa vyuoni kama sayansi kamili, na ilichukua miaka mingi kuyang'oa. Nitakueleza yalivyong'olewa, kwa sababu humo ndimo lilimo jibu la maswali yako yote.

Mwaka 1928 mwanasaikolojia wa Marekani John B. Watson, aliyekuwa amewahi kuongoza chama cha wanasaikolojia cha nchi hiyo, alitoa kitabu cha malezi kilichowaonya kina mama juu ya hatari ya mapenzi. Aliwataka wasiwakumbatie watoto, wasiwabusu, wasiwapakate. Kama hapana budi, busu moja la paji la uso usiku, na asubuhi wapeane mikono. Hoja yake inaeleweka: tabia inayolipwa huongezeka. Mtoto akilia ukambeba, umemlipa kwa kulia, na kesho atalia zaidi. Upande mwingine walikuwapo wafuasi wa Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyechunguza nafsi ya binadamu, ambao hawakupatana na kina Watson karibu kwa lolote, lakini hapa walikutana: mtoto humpenda mama kwa sababu mama ndiye maziwa. Njaa inakwisha mama akiwepo, na polepole raha ya kushiba inahamia kwa yule anayeshibisha. Mama mkwe wako anasema ya Watson, na mumeo anasema yale ambayo pande zote mbili zilikubaliana.

Dalili za kwanza kwamba kuna kitu hakijakaa sawa zilitoka kwenye vituo vya kulelea watoto. Mwaka 1945 daktari René Spitz alilinganisha watoto wa sehemu mbili. Moja ilikuwa kituo cha watoto walioachwa, kisafi, chenye chakula na madaktari, ila wauguzi walikuwa wachache na vitanda vilizungushiwa mashuka kuzuia maambukizi, hivi kwamba mtoto alilala akitazama dari tu. Ya pili ilikuwa kitalu cha gereza, ambako wafungwa waliwalea watoto wao wenyewe. Watoto wa gerezani walikua vizuri. Wa kituoni walidumaa, wakaacha kucheza, na kati ya 91 aliowafuatilia, 34 walikufa katika muda wa miaka miwili. Wataalamu wenzake walimkosoa kwa mbinu zake, na walikuwa na haki, lakini hakuna aliyeweza kusema tena kwamba shibe na usafi vinatosha.

Aliyeumaliza ubishi wa maziwa ni Harry Harlow wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, naye hakuwa akichunguza mapenzi. Alikuwa akifuga kima wa rhesus kwa utafiti wa namna wanyama wanavyojifunza, na ili kuwakinga na magonjwa aliwatenga na mama zao saa chache tu baada ya kuzaliwa, wakalishwa kwa chupa. Miili yao ilinawiri. Lakini ilionekana kwamba watoto wale wameng'ang'ania nepi za kitambaa zilizotandikwa sakafuni mwa vizimba. Siku ya usafi, nepi zikiondolewa, walipiga mayowe na kuzishikilia kwa nguvu zote. Kizimba kisicho na kitambaa, hata chakula kikiwa tele, kiliwafanya wadhoofike.

Harlow akatengeneza mama wawili wa bandia. Mmoja alikuwa wa waya mtupu. Mwingine alikuwa gogo la mbao lililovikwa mpira laini na juu yake kitambaa cha taulo. Wote wawili walipashwa joto kwa balbu iliyowekwa nyuma yao. Watoto wanane waliwekwa kila mmoja na mama hao wawili. Kwa wanne maziwa yalitoka kwa mama wa kitambaa, kwa wanne yalitoka kwa mama wa waya. Kama mapenzi yangefuata chakula, hao wanne wa mwisho wangempenda waya. Haikuwa hivyo. Walimwendea waya wakati wa njaa, wakanyonya, kisha wakarudi haraka kwenye kitambaa na kushinda hapo, hadi saa 17 au 18 kwa siku, wakati kwa mama wa waya hawakufikisha hata saa mbili. Harlow alitangaza matokeo hayo mwaka 1958 mbele ya wanasaikolojia wenzake, safari hii yeye ndiye akiwa rais wa chama kile kile alichowahi kukiongoza Watson.

Kwa swali lako, lakini, jaribio lililofuata ndilo lenye uzito zaidi. Waliingiza kizimbani dubu wa bandia anayetembea akipiga ngoma, kitu cha kutisha kwa kima mchanga. Mtoto alikimbia moja kwa moja kwa mama wa kitambaa, akajibandika kwake, akajisugua mwili. Baada ya muda mfupi mwili ukalegea. Akageuza shingo akamtazama dubu. Wengine walishuka kabisa wakaenda kumchunguza. Mama yule alipoondolewa, watoto hao hao walijikunja sakafuni, wakanyonya vidole, wakayumba mbele na nyuma, na hawakugusa chochote. Kukumbatia hakukuwafanya waoga. Ushujaa wao ulitoka kifuani pa yule waliyemkumbatia, na asipokuwepo haukuwepo. Mwambie mama mkwe habari hii taratibu, siku mnayoelewana.

Kuna kisa kingine kidogo katika kazi hiyo ambacho mimi hukipenda. Kima wa kwanza alizaliwa mapema kabla kichwa cha mama wa kitambaa hakijakamilika, kwa hiyo alipewa mama mwenye tufe la mbao lisilo na uso wowote. Baada ya miezi sita waliletwa kwake mama wenye nyuso zilizopambwa vizuri. Mtoto alivigeuza vichwa vile nyuma mbele, tena na tena, mpaka aone upande ulio mtupu. Huo ndio uso alioujua. Wewe unayeogopa kusahauliwa ulifikirie hilo.

Siwezi kukusimulia Harlow nikaishia kwenye mazuri. Alikwenda mbali mno: aliwafungia kima wachanga peke yao miezi 3, 6, hata 12, na waliotoka humo walikuwa viumbe walioharibika, wanaojiuma na kujikumbatia wenyewe. Leo hakuna kamati ya maadili ambayo ingepitisha majaribio hayo, na kwangu mimi mengi hayakuhitajika ili tujue tulichojua. Hata waliolelewa na mama wa kitambaa hawakukua salama. Walishindwa kuishi na wenzao, na majike walipozaa wengi waliwapuuza au kuwapiga watoto wao. Kitambaa kinakumbatika lakini hakijibu. Hakikutazami, hakikufuati, hakijui kwamba umeumia. Upungufu huo ndio uliowafikisha watafiti wa binadamu kwenye swali lao: mtoto anahitaji kujibiwa vipi?

Daktari John Bowlby wa London alikuwa akilifanyia kazi swali hilo kwa njia nyingine. Mwaka 1951 aliandika ripoti kwa Shirika la Afya Duniani kuhusu watoto waliopoteza malezi ya nyumbani, na kuanzia 1958 akajenga nadharia ya mfungamano kati ya mtoto na mlezi. Wazo lake la msingi ni rahisi kulieleza. Mtoto wa binadamu huzaliwa hawezi kukimbia, hawezi kujificha, hawezi kupigana. Kinga yake ni moja tu, kuwa karibu na mtu mzima anayemjali. Kwa hiyo vizazi kwa vizazi walibaki wale waliolia wakiachwa, waliotabasamu wakionwa, walioshikilia wakibebwa na kufuata wakiweza kutambaa. Kulia kwa binti yako ukitoka ni mfumo huo ukifanya kazi, na unafanya kazi vizuri.

Kwa nini sasa, na si akiwa na miezi mitatu? Kwa sababu mtoto wa miezi mitatu, ingawa anakutambua kwa harufu na sauti, kitu kikiondoka machoni pake hakimsumbui sana. Kati ya miezi 6 na 9 akili yake inafika mahali pa kushika picha ya asiyekuwepo: mama yupo, ila hayupo hapa. Anajua umekwenda, lakini hajui utarudi lini, na dakika mbili kwake hazina mwisho. Wakati huo huo anaanza kutambaa, yaani anapata uwezo wa kwenda mbali na mlinzi wake, na maumbile yanamwekea kamba. Jerome Kagan na wenzake waliochunguza watoto wa jamii tofauti sana kimaisha walikuta mchoro unaofanana: kilio cha kuachwa huanza kupanda karibu na miezi 8, hufika kilele baada ya mwaka wa kwanza, kisha hushuka. Ingekuwa ni kuzoeshwa mikono, watoto wanaobebwa kutwa na wasiobebwa wasingeanza kwa wakati mmoja.

Sasa nije kwenye swali lako la kupima. Mapenzi yenyewe hayapimiki kwa mizani, ila yanayotendeka kwa sababu yake yanaonekana na kuhesabika. Aliyetuonyesha namna ni mwanasaikolojia Mary Ainsworth. Mwaka 1954 alifika Uganda kwa sababu mumewe alikuwa amepata kazi Kampala. Hakuwa na maabara. Akachukua mkalimani, akaanza kutembelea familia 26 za Waganda katika vijiji vya karibu na Kampala, akikaa nao sebuleni, akitazama. Aliona watoto wakitambaa kwenda mbali na mama, wakigeuka kumtazama, wakirudi kumgusa, wakaondoka tena. Aliona pia kwamba watoto hawalingani: wengine walitulia wakibebwa, wengine walilia hata mikononi. Akatafuta sababu. Kimojawapo cha vilivyoenda sambamba na utulivu wa mtoto kilikuwa uwezo wa mama kumwelezea mtoto wake. Mama ambaye ukimuuliza habari za mtoto anakupa visa kimoja baada ya kingine, anachopenda, kinachomkera, alivyoamka leo, ndiye ambaye mtoto wake alikuwa ametulia. Alikuwa amemtazama.

Baadaye, mjini Baltimore nchini Marekani, Ainsworth alifuatilia familia nyingine 26 tangu mtoto akiwa na wiki tatu hadi zaidi kidogo ya mwaka, kwa ziara za saa nne hivi kila wiki tatu. Ni takribani saa 72 za kutazama kwa kila familia. Mwishoni aliwaalika kwenye chumba chenye viti viwili na vitu vya kuchezea, kwa zoezi la dakika 20 hivi ambalo mpaka leo ndilo kipimo kinachotumika zaidi. Mtoto anacheza na mama yupo. Mgeni anaingia. Mama anatoka, mgeni anabaki. Mama anarudi, mgeni anaondoka. Mama anatoka tena, safari hii mtoto anabaki peke yake. Mgeni anarudi, kisha mama. Kila kipande ni dakika tatu, na mtoto akilia sana kinakatishwa.

Watu wengi hudhani kinachopimwa ni kilio cha mtoto mama akitoka. Kinachotazamwa zaidi ni sekunde zile mama anapoingia. Mtoto mmoja anamwendea moja kwa moja, ananyoosha mikono, anabebwa, analaza kichwa, anapumua, na baada ya muda mfupi anahangaikia kushuka arudi kwenye vitu vyake. Huyo tunamwita salama, hata kama alilia sana. Mwingine anamtazama mama kidogo kisha anageuza uso, anaendelea kushika kitu cha kuchezea bila kukichezea. Wa tatu anataka kubebwa na akibebwa anapiga mateke, hatulizwi. Mwaka 1988 Marinus van IJzendoorn na Pieter Kroonenberg walikusanya matokeo ya karibu watoto 2,000 kutoka nchi 8: asilimia 65 walikuwa salama, 21 wa kugeuza uso, na 14 wa kushika huku wanasukuma. Tofauti kati ya tafiti za nchi moja zilikuwa kubwa kuliko tofauti kati ya nchi na nchi. Baadaye Mary Main na Judith Solomon waliongeza kundi la nne, la watoto wanaochanganyikiwa mlezi anaporudi, ambao mara nyingi wametoka kwenye hali za kutisha.

Nataka ukae kidogo na yule wa pili, anayegeuza uso, kwa sababu ndiye jibu la "mwache alie, atazoea". Kwa macho ni mtoto wa kusifiwa: halii, hasumbui, anajitegemea. Lakini watafiti walipompima mapigo ya moyo wakati wa zoezi hilo, yalikuwa juu kama ya mtoto anayelia. Anasikia hofu ile ile. Amejifunza tu kwamba kuionyesha hakumletei msaada. Kunyamaza kwa mtoto na kutulia kwa mtoto vinaweza kuwa mambo mawili tofauti. Binti yako akibebwa ananyamaza kwa sababu ametulia kweli, na unaweza kulithibitisha mwenyewe: tazama kama baada ya kubebwa anarudi kucheza.

Je, kumjibu kila mara kunaongeza kilio? Mwaka 1972 Silvia Bell na Ainsworth walichapisha takwimu za familia zile za Baltimore: watoto waliojibiwa haraka miezi ya mwanzo walikuwa wakilia kidogo zaidi mwisho wa mwaka, kinyume kabisa na utabiri wa Watson. Nikueleze na upande wa pili, maana nataka uamini ninachosema. Utafiti huo ulikuwa mdogo na ulibishiwa, na mwaka 2000 watafiti wa Uholanzi waliojaribu kuurudia hawakupata jibu lile lile. Waliona kwamba kuchelewa kidogo kuitikia mnung'uniko mdogo hakumletei mtoto kilio zaidi. Mimi nachukua yote mawili hivi: kilio cha dhiki, cha hofu au maumivu, kijibu haraka. Mnung'uniko wa mtoto anayejaribu kufikia kitu, mpe nafasi kidogo, huenda akajitatulia. Kutofautisha sauti hizo mbili ndio usikivu wenyewe, na mama wa miezi tisa tayari anao, hata kama hajui kuupa jina. Kuhusu kubeba peke yake, jaribio la Urs Hunziker na Ronald Barr huko Montreal, mwaka 1986, liliwaomba wazazi waongeze saa tatu za kumbeba mtoto kila siku, awe analia au halii. Kufikia wiki ya sita, umri ambao vilio hufika kilele, watoto hao walikuwa wakilia kwa asilimia 43 pungufu ya wenzao.

Hata ngozi ina lugha yake. Chini ya ngozi yenye vinyweleo zipo neva ambazo huitikia zaidi mguso wa taratibu, wa sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde, na wazazi wakiambiwa wawapapase watoto wao hutumia kasi hiyo hiyo bila kufundishwa na mtu.

Pengine baada ya kusoma haya umeanza kuhesabu mara ulizochelewa, siku ulizochoka, jioni uliyomjibu kwa ukali. Hapo mwanasaikolojia Edward Tronick ana neno kwako. Alipochambua picha za video za kina mama na watoto wenye afya njema, sekunde kwa sekunde, aliona kwamba wanaendana kama asilimia 30 tu ya muda. Muda uliobaki wanapishana: mtoto anataka kucheza mama anafuta pua, mama anacheka mtoto amechoka. Wanapishana, wanatafutana, wanakutana tena. Mtoto anajifunza katika kule kutafutana kwamba jambo likiharibika linaweza kutengenezwa. Tronick ndiye pia aliyewaomba kina mama wakae mbele ya mtoto dakika mbili au tatu uso ukiwa umeganda, bila tabasamu wala sauti. Mtoto wa miezi michache hujaribu kila alicho nacho: anatabasamu, anaguna, ananyoosha mkono, kisha anageuka pembeni na kunywea. Nimeonyesha picha hizo kwa wanafunzi mara nyingi na chumba hunyamaza. Lakini mama akirudisha uso wake, mtoto humpokea, ingawa kwa kinyongo kidogo mwanzoni.

Sasa kazi na yaya. Bowlby, kwa heshima zote ninazompa, alisisitiza mno mtu mmoja, na kina mama wengi wamebebeshwa hatia kwa sababu hiyo. Mwaka 1964 Rudolph Schaffer na Peggy Emerson walichapisha kazi yao ya kuwafuatilia watoto 60 wa Glasgow. Kwa asilimia 39 ya watoto hao, mtu waliyefungamana naye zaidi hakuwa yule aliyekuwa akiwalisha na kuwaogesha. Alikuwa yule anayewajibu na kucheza nao, pengine baba anayerudi jioni. Mumeo alisome hilo mara mbili, kwanza kwa sababu linakanusha usemi wake, pili kwa sababu linamwita naye kazini. Na kufikia miezi 18 wengi sana walikuwa wamefungamana na zaidi ya mtu mmoja. Mapenzi kwa yaya hayakatwi kutoka kwenye fungu lako.

Kuhusu kutengana kwa mchana, utafiti mkubwa wa Marekani ulioanza 1991 na kufuatilia watoto zaidi ya 1,300 ulitoa jibu mwaka 1997: kulelewa na wengine mchana, peke yake, hakukuharibu mfungamano wa mtoto na mama. Hatari ilionekana pale mambo mawili yalipokutana, malezi duni ya mchana au mabadiliko ya mara kwa mara ya walezi, pamoja na mama asiye msikivu awapo nyumbani. Kwa hiyo ukichagua yaya, tazama kama anamsikiliza mtoto kabla ya kutazama usafi wa vyombo, na ukimpata wa kufaa mtunze abaki. Bowlby mwenyewe alilelewa na yaya aliyempenda sana, akaondoka Bowlby akiwa na miaka kama minne, na utu uzimani aliitaja huzuni hiyo kama ya kufiwa na mama.

Usije pia ukaondoka hapa ukidhani kila kitu kimeamuliwa mwaka huu. Uhusiano kati ya usikivu wa mama na usalama wa mtoto upo, umethibitishwa, lakini tafiti 66 zilipojumlishwa mwaka 1997 ulikuwa wa wastani tu. Hali ya maisha, msaada anaoupata mama na mengineyo yamo pia. Na milango huchelewa kufungwa. Wale kima waliofungiwa peke yao miezi sita walirudishiwa maisha walipowekwa na kima wadogo wa miezi mitatu, ambao hawakupigana nao bali waliwashikilia tu. Huko Bucharest, Romania, kuanzia mwaka 2000, watoto 136 wa vituo waligawanywa kwa kura, nusu wakapelekwa kwenye familia za kuwalea. Waliopelekwa walipona mengi, hasa waliotolewa kabla ya kutimiza miaka miwili. Hao walikuwa hawana mtu kabisa. Binti yako anao kadhaa.

Kwa mwezi uliobaki, fanya hivi. Yaya aanze sasa, wewe ukiwepo. Mtoto amwone ukizungumza naye vizuri, kisha amlishe na kumchezesha ukiwa pale pale. Halafu toka dakika chache, rudi. Ongeza muda polepole. Cheza naye kujifunika uso kwa kitambaa na kujitokeza, maana mchezo huo ni mazoezi ya kuondoka na kurudi kwa kipimo anachokiweza. Usitoroke kamwe. Muage kwa maneno yale yale kila siku, kwa ufupi, hata kama atalia, kwa sababu mtoto anayetorokwa hujifunza kukuchunga kila dakika usije ukatoweka. Unapokwenda msalani muimbie kutoka ndani, sauti nayo ni kuwepo. Jioni akikupokea kwa kilio, au akakugeuzia uso kidogo, usimchukulie kwamba amekukataa. Weka simu chini, kaa naye nusu saa kabla ya kazi nyingine yoyote.

Mpeleke kwa daktari wa watoto kama akiumia hamtafuti mtu yeyote, kama hatazami nyuso wala kugeuka akiitwa jina, au kama anapoteza alichokuwa ameshakiweza. Na wewe mwenyewe, ukiona huzuni au utupu umekukalia wiki mbili mfululizo, nenda ukatibiwe, maana sonona ya mama inatibika na mtoto hunufaika.

Mama mkwe usimwache nje. Katika wiki hizi za kumzoesha, mwombe awe ndiye anayempokea mtoto mikononi kila unapotoka. Akilia, ambebe.